KUGUNDUA AU KUFUNUA?

Neno la Kiingereza "discover" tumezoea kulitafsiri "gundua" au "vumbua". Leo nataka tulifungue tuone lina nini ndani, maana limewahi kutunyima haki yetu.

Lina vipande viwili. "Cover" ni kufunika, na "dis", kiambishi cha asili ya Kilatini, hugeuza maana hiyo. Waingereza walilipata kupitia Kifaransa cha kale, na mwanzoni lilimaanisha kuondoa kifuniko au kufichua siri. Maana ya kuwa wa kwanza kukiona kitu ilikuja baadaye. Kiswahili nacho hugeuza maana vivyo hivyo, ila sisi kiambishi twakiweka mwishoni: fumba, fumbua, ziba, zibua, funika, funua.

Kwa ile maana ya baadaye, tulifundishwa shuleni kwamba Speke aligundua Ziwa Viktoria mwaka 1858. Je, wale aliowakuta Mwanza walikuwa wakivua samaki wapi?

Sasa twende Engaresero, wilayani Ngorongoro, kusini mwa Ziwa Natron, karibu na mlima Oldonyo Lengai. Huko kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400, zilizokanyagwa katika majivu ya volkano yaliyolowa, kisha yakakauka na kuwa mwamba. Wataalamu wanakadiria umri wake kuwa kati ya miaka 5,760 na 19,100. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulieleza kundi la watu 17 waliokwenda pamoja, 14 kati yao yaelekea wakiwa wanawake, labda katika kutafuta chakula.

Nani aligundua? Wa kwanza kuziona walikuwa Wamasai wenyeji. Wataalamu walikuja baadaye, wakaondoa udongo, wakapima na kuhesabu. Hao walifunua, na kazi yao ni kubwa. Lakini kufunua si kutangulia kuona, na vitabu vya watoto wetu viseme hivyo.

Tena, kinachofunuliwa huhitaji mlinzi. Nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa tangu mwaka 1978, ilibidi zifukiwe tena ili zisiharibiwe. Za Engaresero nazo zikiachwa wazi hupigwa na upepo na mvua, na mlinzi wake wa karibu ni yuleyule mwenyeji aliyeziona kwanza. Tukimnyima heshima, tutamwombaje ulinzi? Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.