Kutoka Msafara hadi Utalii: Historia ya Neno "Safari" na Msamiati wa Njia



Mada niliyoichagua inahusu neno dogo ambalo sote tunalitumia kila siku bila kulitafakari. Neno hilo ni safari.

1. Utangulizi

Pengine hakuna neno la Kiswahili linalojulikana duniani kuliko safari. Mtu wa Chicago au London asiyejua hata kusalimu kwa Kiswahili hulitamka neno hilo bila shida. Mtu huyo anapopanga kuja kwetu kwa wiki mbili au tatu, ratiba yake aghalabu huwa na sehemu tatu. Kwanza huwekwa siku za kutazama wanyama, tuseme Serengeti, Ngorongoro au Maasai Mara. Kisha hufuata siku moja au mbili za kuzuru watu: boma la Wamaasai, au kambi ya Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi. Mwisho huja mapumziko ya ufukweni, Zanzibar au Diani.

Ratiba hiyo huchukuliwa kuwa ni ubunifu wa kampuni za utalii. Katika mhadhara huu ninakusudia kuonyesha kwamba mambo yake ya msingi ni ya zamani zaidi. Kuchagua majira, kukodi wachukuzi, kupima mizigo, kulipia njia na hatimaye kupumzika pwani ni mambo yaliyopangwa na misafara ya karne ya 19. Ushahidi wa urithi huo umehifadhiwa katika msamiati wetu. Hata hivyo, maneno hayo hayakurithiwa kwa hali sawa. Jina la shughuli lilipanda hadhi na kuenea duniani, lakini majina ya watu walioifanya shughuli hiyo yalishuka au yalibadilika maana. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame.

2. Neno lenyewe

Kiswahili kililipata neno safari kutoka katika mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti s-f-r, wenye maana ya kwenda mbali. Baada ya kulipokea, lugha yetu ililifanya kuwa mali yake. Tunalo kusafiri, msafiri, msafara, usafiri na kusafirisha. Zaidi ya hayo, neno limevuka kutoka mahali hadi wakati: tunaposema "safari hii hatukubali", hatuna maana ya mwendo wowote bali ya zamu au mara. Ni lugha iliyoishi na misafara kwa muda mrefu tu inayoweza kuhesabu wakati kwa safari.

Kiingereza kililichukua neno hili katikati ya karne ya 19. Richard Burton alilitumia katika maandishi yake kuhusu msafara wa 1857 hadi 1859, na wakati huo bado lilikuwa na maana yetu, yaani mwendo wa msafara wa bara. Baadaye maana ilibanwa: kwanza ikawa mwendo wa kuwinda, kisha mwendo wa kutazama na kupiga picha wanyama. Kwetu sisi, anayekwenda Tanga kumzika shangazi yake yuko safarini. Katika lugha nyingi za Ulaya, huyo hayuko safarini kwa sababu njiani hakuna simba.

3. Kupanga msafara

Aliyetaka kwenda bara kutoka Bagamoyo katika miaka ya 1860 au 1870 alikuwa na mambo manne ya kupanga.

La kwanza lilikuwa majira. Wapagazi wa Kinyamwezi walipendelea kushuka pwani wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, ili warejee makwao kabla ya mvua za kulimia. Biashara ya pwani nayo ilifuata pepo za kaskazi na kusi zilizoleta na kuondoa majahazi. Hata leo mpangaji hukwepa masika ya Aprili na Mei, na huwaelekeza wageni wake kaskazini mwa Serengeti kati ya Julai na Septemba, nyumbu wanapovuka Mto Mara.

La pili lilikuwa mtaji. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja na Bagamoyo ndio waliokopesha bidhaa. Taria Topan aligharimia misafara ya Tippu Tip, na Sewa Haji alijulikana sana kwa kuwapatia wasafiri bidhaa na wapagazi, akiwemo Stanley mwaka 1871. Kwa lugha ya leo tungemwita Sewa Haji wakala wa safari.

La tatu lilikuwa bidhaa zenyewe, ambazo ndizo zilizokuwa fedha ya njiani: shanga, waya wa shaba, kaniki kutoka India, na merikani, yaani nguo nyeupe iliyoitwa kwa jina la nchi ilikotoka. Nguo ilipimwa kwa mkono. Mikono minne ilikuwa shuka, na shuka mbili zilikuwa doti. Leo shuka ni nguo ya kitandani, au vazi la Mmaasai ambalo mtalii hulinunua kama kumbukumbu, na doti ni jozi ya khanga. Wachache hukumbuka kwamba hivyo vilikuwa vipimo vya fedha.

La nne, na gumu kuliko yote, lilikuwa watu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa takribani frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kufika Tabora mwezi Novemba, zaidi ya miezi minne kwa miguu. Mbele alitangulia kirangozi na bendera yake, nyuma yake wapagazi, askari na wanyapara. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni na kupelekwa India, aliongozana na Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley, kisha Cameron. Hakuna hata mmoja wa wageni hao aliyekwenda na misafara hiyo yote minne. Alikwenda yeye.

Hatuna budi kusema wazi kwamba misafara hiyo haikuwa matembezi. Pembe za ndovu ziliteremka pwani pamoja na binadamu waliofungwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe uliendelea baadaye. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliopatana ujira, lakini katika njia hiyohiyo walipishana na wasiokuwa na hiari. Anayetaka kuisifu historia ya msafara lazima aibebe historia hiyo yote.

4. Maneno yaliyobaki njiani

Sasa tuyatazame maneno matatu ya msafara na yaliyoyapata.

Posho lilikuwa chakula cha siku cha mpagazi, au nguo aliyopewa ili akanunulie chakula. Nchini Uganda posho imekuwa unga wa mahindi, na hata ugali wenyewe. Nchini Tanzania imekuwa malipo ya kuhudhuria kikao. Neno limetoka kichwani mwa mwenye mzigo likaingia katika ukumbi wa mikutano, na nadhani hakuna haja ya kueleza zaidi mbele ya hadhira ya chuo kikuu.

Mnyapara lilitoka Unyamwezi, ambako lilihusu mzee au kiongozi. Katika msafara alikuwa msimamizi wa kikundi cha wapagazi, mtu wa heshima. Leo ni msimamizi wa vibarua, au mfungwa anayesimamia wafungwa wenzake. Hadhi yake ilishuka pamoja na kazi yenyewe, pale ubebaji wa kupatana ulipogeuka kuwa kazi ya kulazimishwa chini ya dola za kikoloni.

Neno la tatu, hongo, ndilo lenye mafunzo makubwa zaidi. Hongo ilikuwa malipo aliyotoa mwenye msafara kwa mtawala wa nchi anayopita. Wasafiri wa Ulaya waliilalamikia sana, hasa Ugogo, na waliiandika kama unyang'anyi. Lakini Ugogo ni nchi kame. Msafara wa mamia ya watu ulipopiga kambi kisimani, ulikunywa maji ya wenyeji na ya mifugo yao. Mtemi aliyedai hongo alidai malipo ya maji, njia na amani. Leo neno hilo lina maana moja tu, rushwa. Naye mgeni wa leo anapofika katika lango la hifadhi hulipa kiingilio, hupewa stakabadhi, wala haoni uonevu. Kimantiki malipo haya mawili ni ndugu. Kilichobadilika ni mpokeaji: zamani alipokea mwenye nchi aliyeketi karibu na kisima, leo hupokea mamlaka iliyo mbali nacho. Lugha imelihukumu lile la kwanza kuwa uhalifu na la pili kuwa utaratibu.

5. Reli, bunduki na hifadhi

Mabadiliko hayo yalikuja kwa awamu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, na kitovu cha safari kikahama kutoka njia ya Bagamoyo. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit kukusanya wanyama kwa ajili ya taasisi ya Smithsonian. Kampuni ya Newland na Tarlton ya Nairobi ilimwandalia mamia ya wapagazi. Yeye na mwanawe waliua zaidi ya wanyama 500. Kitabu alichokitoa mwaka 1910 kilisaidia sana kulifanya neno safari kuwa la Marekani nzima, kwa maana ya uwindaji wa matajiri.

Wapagazi wenyewe walikuwa na hatima nyingine. Miaka michache baadaye, Vita vya Kwanza vya Dunia viliwachukua kwa maelfu kubebea majeshi mizigo, na wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Jina la Kiingereza la kikosi chao tulilitamka kwa ulimi wetu, nasi leo tunakwenda kununua nyanya Kariakoo jijini Dar es Salaam, au nyama Kariokor jijini Nairobi, pasipo kukumbuka kwamba tunatembea juu ya jina la wachukuzi.

Baada ya bunduki ikaja hifadhi. Hifadhi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, Tsavo 1948 na Serengeti 1951. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitenganishwa na Serengeti ili Wamaasai waliotolewa huko wapate pa kuishi na mifugo yao. Tangu mwaka 2022 kaya nyingi zimehamia au kuhamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, na mjadala wake haujakwisha. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na kamera ikachukua nafasi ya bunduki. Katika mambo haya yote swali la mtemi wa Ugogo limebaki palepale: anayepita anapaswa kumlipa nani?

Swali hilo liliwahi kuulizwa kwa ukali na wanafunzi. Mwaka 1970 vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha gazetini mjadala kuhusu utalii na ujamaa, na Issa Shivji akauhariri kuwa kitabu mwaka 1973. Walihoji kama taifa linaweza kujitegemea huku likijiandaa kuwa mhudumu wa wageni. Wengi hawakukubaliana nao, na utalii ukaendelea kukua. Hata hivyo, mjadala huo uliendeshwa kwa Kiingereza. Mpagazi na mpishi wa kambi hawakuweza kuusoma.

6. Mswahili kama mtazamaji

Kuna hasara nyingine isiyozungumzwa sana. Katika ratiba ya leo, mgeni hutazama na mwenyeji hutazamwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini ziara ya utamaduni huchukua saa moja na jembe halifikiwi.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Göttingen mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli. Humo wamo Selemani bin Mwenye Chande aliyesimulia safari ya bara, Mtoro bin Mwinyi Bakari aliyeandika juu ya Udoe na Uzigua, na Salim bin Abakari aliyefuatana na Mjerumani mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia. Naye Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Ni kweli kwamba Velten alikuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni, na matini aliyoyakusanya yanapaswa kusomwa kwa tahadhari. Lakini hata kwa tahadhari hiyo yanatuonyesha Waswahili wakitazama watu wengine, wakieleza chakula chao, nyumba zao na baridi yao. Katika matini hayo, msafiri anayeona na kuhukumu ni Mswahili.

7. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba neno safari lilipokwenda ng'ambo halikuondoka na wenyewe. Mpagazi yungali nasi. Yuko Kilimanjaro, na jina lake ni lilelile la njia ya Bagamoyo. Mzigo wake umewekewa kikomo cha kilo 20, na hayo ni maendeleo. Lakini lugha yake haijachunguzwa vya kutosha. Waongozaji, madereva, wapishi na wapagazi wana msamiati wao wa kazi, wa hatari, wa bahashishi na wa tabia za wageni. Msamiati huo ni mrithi halali wa kirangozi na mnyapara, nao utapotea kama ulivyopotea ule wa kwanza iwapo hautaandikwa.

Kwa hiyo naliacha jambo hili mikononi mwa wanafunzi. Yeyote kati yenu anayetafuta mada ya tasnifu aende langoni Marangu au Machame asubuhi, mizigo inapopimwa, asikilize. Baadaye aende Bagamoyo, mahali ambapo ratiba nyingi za siku hizi hupapita bila kusimama, akasome matini ya 1901 karibu na ufuko ambao misafara ilianzia na kuishia. Naamini atagundua kwamba anaisoma lugha moja.