Wanyama: kutoka paundi 900,000 hadi milioni 12.5

Jana kibandani hapa Kabiria tulibishana: usajili gani ulilipa zaidi? Nikafungua kompyuta, nikapiga hesabu. Mwaka 2011 Celtic walimnunua Victor Wanyama wetu kutoka Beerschot ya Ubelgiji kwa takriban paundi 900,000. Novemba 2012 akawafunga Barcelona. Julai 2013 Southampton wakamchukua kwa milioni 12.5. Karibu mara 14!

Lakini jamani, kuna hesabu nyingine. Kanuni za FIFA hutenga 5% ya ada kama hiyo kwa klabu zilizomlea mchezaji tangu miaka 12 hadi 23. Mwaka mmoja tu kabla ya miaka 16 ni 0.25%, yaani paundi 31,250. Bila rekodi hupati kitu. Makocha wa Kabiria, sajilini vijana rasmi, tunzeni nakala!