Udhuru wa Asiyeona na Wajibu wa Wajengao Misikiti

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad (S.A.W.).

Maswahaba wawili walimwendea Mtume (S.A.W.) na shida moja: njia ya kufikia msikiti. Wa kwanza ni Itban bin Malik (R.A.), Answari aliyekuwa akiwaswalisha watu wake. Macho yake yalidhoofika, na mvua ikinyesha bonde lililomtenga na msikiti wao lilijaa maji. Alimwomba Mtume (S.A.W.) aje aswali nyumbani kwake, apafanye mahali pake pa kuswalia. Mtume (S.A.W.) alikwenda pamoja na Abubakar (R.A.), akaswali rakaa mbili. Wamepokea Bukhari na Muslim.

Wa pili alikuwa kipofu asiye na wa kumwongoza. Katika mapokezi ya Abu Daud anatajwa kuwa ni Ibn Ummi Maktum (R.A.), muadhini wa Mtume. Aliruhusiwa, kisha akaitwa na kuulizwa kama huisikia adhana. Alipokiri, aliamrishwa aiitikie.

Je, Hadithi hizi zinapingana? Imamu Nawawi ameeleza jibu la jumhuri ya wanazuoni: Swahaba huyu aliuliza iwapo atapata fadhila za jamaa akiswali nyumbani. Ama udhuru wenyewe, upo. Kuhusu Ijumaa, Abu Hanifa hakumwajibisha kipofu hata akipata kiongozi. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, walimwajibisha akimpata.

Tuzingatie hapa. Kwa kauli hii ya pili, hukumu yategemea kupatikana msaada. Na wa kuuleta msaada huo ni jamii. Ndivyo alivyofahamu Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik (86–96 H / 705–715 M), ambaye wanahistoria wamemtaja kuwa alimpangia kila kipofu mtu wa kumwongoza na kila asiyejiweza mtu wa kumhudumia.

Ndugu Waislamu, leo bonde la Itban tumelijenga kwa mikono yetu. Ni ngazi ndefu za mlangoni zisizo na mteremko, na mahali pa kutawadhia penye sakafu telezi pasipo pa kushika. Wengine huzuia viti vya magurudumu kwa hoja ya najisi, ilhali Mtume (S.A.W.) aliamrisha aingiaye msikitini atazame viatu vyake, na akiona uchafu aufute. Magurudumu nayo hufutika.

Rukhsa ni haki ya dhaifu mbele ya Mola wake. Haikuletwa iwe kinga ya kamati iliyomfungia mlango. Ikiwa kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, basi njia iendayo msikitini ndiyo ya kuanziwa. Kila imamu na aihesabu jamaa yake: ni nani anayeisikia adhana kila siku, na ngazi zetu ndizo zimzuiazo?

Wallahu a'lam.