Tathmini na Ukabilianaji: Istilahi Mbili za Msongo

Msongo wa mawazo, kwa maana inayotumiwa na wanasaikolojia wengi leo, haukai ndani ya tukio peke yake wala ndani ya kichwa cha mtu peke yake. Huzaliwa pale mtu anapoona kwamba jambo lililomfika linamgusa, na kwamba huenda likauzidi uwezo alio nao. Richard Lazarus na Susan Folkman waliueleza hivyo katika kitabu chao cha mwaka 1984, kilichojengwa juu ya istilahi mbili zinazokwenda sanjari. Ya kwanza ni tathmini, yaani namna mtu anavyolipima jambo. Ya pili ni ukabilianaji, yaani yale anayoyawaza na kuyatenda ili kulikabili.

Kabla yao, maelezo yaliyotawala yalikuwa ya Hans Selye, ambaye mwaka 1936 aliandika barua fupi katika jarida la Nature kuhusu panya wa maabara. Selye aliona kwamba mwili huitikia baridi, sumu au jeraha kwa namna moja. Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa, lakini haukuweza kueleza kwa nini jambo moja huwavunja watu fulani na kuwaacha wengine wakiwa wazima.

Swali hilo si la maabara tu. Mtaa wa Umoja, Nairobi, ulijengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo uliowezeshwa na Marekani, ukiwa na nyumba za chini. Leo sehemu yake kubwa ni maghorofa ya kupangisha. Tuseme keateka, yaani mwangalizi wa jengo, anabandika notisi langoni kwamba kodi itapanda mwezi ujao. Mpangaji mmoja anauza mitumba katika soko la Gikomba, zamu yake ya kupokea fedha za chama cha akiba inafika mwezi huo, na dada yake anaishi Kayole ambako vyumba ni nafuu. Jirani yake ni kibarua wa Industrial Area anayelipwa kwa siku, na amekwisha kuchota mkopo wote wa Fuliza, huduma ya Safaricom iliyoanza mwaka 2019 ya kumwezesha mtu kulipa zaidi ya salio lake la M-Pesa. Notisi ni moja, na kiasi kilichoongezwa ni kimoja, lakini usiku huo mmoja atalala na mwingine atakesha akihesabu.

Kilichowatenganisha ni tathmini mbili. Katika tathmini ya kwanza mtu hujiuliza: jambo hili linanigusa? Linaharibu nini? Katika ya pili hujiuliza: nifanye nini, na nina nini mkononi? Waandishi wenyewe walikiri kwamba majina hayo hayakuwa mazuri, kwa kuwa yanafanya ionekane kana kwamba swali la pili huja baadaye au lina uzito mdogo. Kwa kweli maswali hayo husukana. Kibarua aliiona notisi kuwa janga kwa sababu tayari alijua mkono wake ni mtupu. Kwa Kiswahili ingefaa zaidi kusema tathmini ya uzito na tathmini ya uwezo.

Neno tathmini lenyewe limechaguliwa vizuri kuliko linavyodhaniwa. Ni ndugu wa thamani, na chimbuko la yote mawili ni neno la Kiarabu la bei. Hakuna kinachomsonga mtu isipokuwa kimegusa kitu anachokithamini: nyumba, heshima, mtoto aliye shuleni. Udhaifu wake ni kwamba nchini Kenya neno hili husikika zaidi shuleni na ofisini, likaleta picha ya mtu aliyekaa na kalamu, ilhali tathmini anayoizungumzia Lazarus mara nyingi hupita kwa nukta moja bila maneno. Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi uliko mtaa wa Umoja, ina neno la zamani lililoziba pengo hilo, nalo ni shauri, ambalo ni jambo lenyewe na pia ni kulipima jambo hilo. Limo katika jina la mtaa wa Shauri Moyo, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha Pangani kilipobomolewa na wakazi wake kuhamishwa. Kama istilahi, hata hivyo, shauri lina maana nyingi mno.

Tatizo kubwa zaidi liko katika matawi ya tathmini ya uzito. Jambo linaloonekana kuwa la msongo huweza kuwa hasara iliyokwisha kutokea, tishio la hasara ijayo, au nafasi ngumu ambayo mtu anaona anaweza kuipitia na kupata faida. Tawi la tatu limezoeleka kuitwa changamoto, na hapo ndipo maana inapovuja. Neno hilo limejengwa juu ya kuchangamka: changamoto ni kinachomwamsha mtu na kumtia ari. Lakini katika hotuba na habari za siku hizi kila shida ni changamoto: mifereji iliyokauka, moto uliounguza nyumba, hata kifo. Mkazi wa Dandora anaposikia moshi wa jaa la taka ukiitwa changamoto, ananyimwa neno la kusema kwamba hilo ni tishio kwa mapafu ya watoto wake. Mwandishi wa kitabu cha saikolojia hana budi kulirudisha neno kwenye maana yake na kuilinda hapo.

Kuhusu msongo, picha yake ni sahihi. Kusonga ni kubana, kama unga unavyobanwa kwa mwiko, na msongamano ni neno linalofahamika na kila aliyekwama Jogoo Road asubuhi. Nyongeza ya “wa mawazo” ndiyo inayopotosha, kwa kuwa inahamishia mzigo wote kichwani. Mitaani watu husema stresi, au presha, neno wanalolitumia pia kwa ugonjwa wa shinikizo la damu. Mfadhaiko, kwa upande wake, umekwisha kuchukuliwa na waandishi wengi kumaanisha maradhi ya huzuni nzito, na ni afadhali uachwe huko.

Ukabilianaji nao umeshindana na maneno mengine. Kuvumilia kunaacha nje kitendo. Kumudu kunadai ushindi, ilhali Lazarus na Folkman walisisitiza kwamba kinachohesabiwa ni juhudi, ifaulu isifaulu. Kustahimili kunahitajika kwingine, kwa sifa ya mtu au jamii inayoinuka baada ya pigo. Kukabiliana kunabaki kuwa bora kwa sababu ya kiambishi chake cha kutendana: mtu analielekea jambo, na jambo linamwelekea yeye.

Nadharia inagawa ukabilianaji katika njia mbili, na Nairobi imezipa majina bila kungoja wataalamu. “Jipange” ni njia ya kulishughulikia tatizo: kuzungumza na mwenye nyumba, kutafuta chumba Kayole, kuomba zamu ya chama iharakishwe. “Tuliza boli”, msemo uliotoka uwanjani, ni njia ya kuzishughulikia hisia: kupumua, kwenda kesha kanisani, kukaa na marafiki. Ya pili haistahili kudharauliwa. Tarehe 6 Mei 2020 serikali ilipozuia watu kuingia na kutoka Eastleigh kwa sababu ya korona, mkazi hakuwa na mlango wa kugonga ili amri ibadilishwe. Kuituliza roho kulikuwa ndiyo kazi iliyowezekana. Baadaye Folkman, alipowachunguza watu wa San Francisco waliouguza wenzi wao wenye UKIMWI, alitilia mkazo njia ya tatu, ya kulitafutia jambo maana.

Nadharia hii inahitaji tahadhari moja inapofika Eastlands. Inamtazama mtu mmoja, wakati hapa kupima jambo hufanywa na wengi. Mama wa ploti hulipima pamoja na majirani, na chama ni akiba ya fedha na pia ni baraza. Tena, kusema kwamba msongo hutegemea tathmini si kusema kwamba maskini anajitungia shida. Hesabu ya kibarua ilikuwa sahihi: hakuwa na kitu.

Mafunzo ya Shirika la Afya Duniani ya mikutano mitano, yanayofundisha kutatua matatizo pamoja na kupumua polepole, yaliziunganisha njia zote mbili, ya tatizo na ya hisia. Yalijaribiwa Nairobi upande wa Dagoretti na wahudumu wa afya ya jamii, kwa wanawake waliokuwa wametendewa ukatili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba dhiki yao ilipungua zaidi kuliko ya wenzao waliopata huduma za wauguzi.

Istilahi ya mwisho katika mfumo huu ni tathmini upya, kwa kuwa upimaji haufungwi. Yule muuza mitumba akihamia Kayole na kukuta nauli ya kwenda Gikomba inameza nafuu ya kodi, swali la kwanza linafunguka tena.