Kutuma na Kutumwa: Kitenzi cha Kilatini "mittere" na Neno "misheni" huko Magila, Muheza

Katika Kilatini, kitenzi mittere kilimaanisha kutuma, kupeleka au kuachilia. Kiingereza kilipata kwacho maneno kama mission, message, promise na committee, mengi yakipitia Kifaransa. Kiswahili nacho kimekopa misheni, kamati, kamisheni na kamishna. Hata misa ni ya ukoo huo, kwani jina hilo lilitokana na tamko la kuwaaga waumini mwishoni mwa ibada ya Kilatini.

Historia ya Magila, wilayani Muheza, inaonyesha jinsi maana ilivyogeuka njiani. Chama cha wamisionari wa Kianglikana cha UMCA kilitokana na wito alioutoa David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Mwaka 1864 Askofu Tozer alihamishia makao yake Unguja, na mwaka 1868 kazi ikaanza Magila, katika nchi ya Wabondei. Kwa waliowatuma wamisionari hao, mission ilikuwa kitendo. Kwa wazungumzaji wa Kiswahili, misheni ikawa mahali: mtu huenda misheni, husoma misheni, hutibiwa misheni.

Mabadiliko hayo yanaeleweka. Dhana ya kutuma haikuwa na pengo katika Kiswahili, kwa kuwa mzizi -tum- ulikwisha kuzaa mtume, utume, mtumishi na mtumwa. Waislamu wa pwani walimwita Muhammad Mtume kabla ya wafasiri wa Biblia kulitumia neno hilo kwa wanafunzi wa Yesu. Kilichokosa jina ni kituo kipya chenye kanisa, shule na zahanati.

Hata hivyo, mzizi huo wa wenyeji uliwaletea wafasiri uzito ambao mittere haikuwa nao. Katika aya ya kwanza ya Waraka kwa Warumi, Biblia ya Union Version inamwita Paulo mtumwa na pia mtume. Katika Kigiriki maneno hayo mawili hayana mzizi mmoja. Katika Kiswahili ni ndugu. Mmoja ametumwa kwa heshima, mwingine hutumwa kwa kuwa anamilikiwa. Katika pwani ambayo soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, msikilizaji hakuhitaji kamusi ili aione tofauti hiyo. Kwa hiyo, historia ya neno la mkopo haikamiliki bila historia ya neno la asili lililolipokea.