Matumizi salama ya dawa kwa wazee

Matumizi salama ya dawa kwa wazee ni utaratibu wa kuhakikisha kwamba mtu mwenye umri mkubwa anapata dawa inayomfaa, kwa kipimo sahihi na kwa wakati wake, bila kudhuriwa nayo. Nchini Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi.

Sababu za hatari

Kadiri umri unavyoongezeka, figo na ini huondoa dawa mwilini polepole zaidi, hivyo dozi ya kawaida inaweza kuzidi. Tena mzee mmoja huweza kuwa na maradhi kadhaa, na kila moja lina dawa yake. Diklofenaki, dawa ya maumivu, inaweza kusababisha vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupunguza nguvu ya dawa za shinikizo la damu. Glibenklamidi, dawa ya kisukari, ikimezwa bila kula inaweza kushusha sukari hadi mgonjwa achanganyikiwe au azimie. Dalili hizo huweza kudhaniwa kuwa za uzee tu.

Shinyanga na Geita

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu. Mvuke wake unaweza kudhuru figo na neva. Vumbi la mawe huleta silikosisi, ambayo huongeza hatari ya kupata kifua kikuu. Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hulifanya ini livunje haraka dawa nyingine, zikiwemo baadhi ya dawa za shinikizo la damu na kisukari. Matibabu hayo yakiisha, dozi za dawa hizo huhitaji kuangaliwa upya. Kwa hiyo mzee aliyewahi kuchimba anapaswa kumweleza tabibu kazi aliyoifanya na dawa zote anazotumia, zikiwemo za miti shamba.

Tahadhari nyumbani

* Kwenda kliniki na dawa zote, pamoja na pakiti zake.
* Kuwa na mtu mmoja wa familia anayesimamia dawa.
* Kwa asiyejua kusoma, kuchora jua au mwezi kwenye pakiti kuonyesha wakati wa kumeza.
* Kutoazimana dawa na jirani.
* Kutoacha dawa ya shinikizo la damu kwa sababu ya kujisikia nafuu.
* Kuwahi kituo cha afya akipata kizunguzungu, akianguka au akipata choo cheusi.

Madhara ya dawa huripotiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).