Ningepewa Usiku wa Mei 20

Kila anayejaribu kuandika riwaya hufika siku akatamani mashine ya kurudisha wakati. Mwingereza H. G. Wells aliiunda kwa kalamu mwaka 1895, lakini mtu wake akaitumia kwenda mbele, miaka laki nane na ushei, kuangalia dunia itakavyokuwa. Sisi wa Kanda ya Ziwa safari ya mbele inaweza kusubiri. Tuna usiku mmoja wa nyuma tunaudai: Jumatatu, Mei 20, 1996, meli ya MV Bukoba ilipoondoka Bukoba kwenda Mwanza. Asubuhi ya Jumanne, ikikaribia kufika, ilipinduka. Walikufa watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 800.

Utaniuliza msomaji, Bariadi na meli wapi na wapi? Kwetu ni pamba, ng'ombe na vumbi. Lakini mto Simiyu, ambao mkoa wetu ulichukua jina lake mwaka 2012 (wakati wa ajali tulikuwa bado Shinyanga), unamwaga maji yake ndani ya ziwa hilo hilo, na wenzetu wa Busega wanaliona kila wakiamka. Tena basi la Bariadi likishapita Lamadi na Magu linaingia Mwanza kwa kupitia Igoma, na Igoma ndiko walikozikwa wengi wa marehemu wale. Huwezi kwenda mjini kununua hata kiatu bila kuwapita.

Haya, tuseme nimepewa huo usiku. Nimetua gatini Bukoba jua linazama. Kichwani nina hesabu zote: meli hii imetengenezwa ibebe abiria 430. Najua pia kwamba wa daraja la kwanza na la pili wameandikwa majina, ila wa daraja la tatu hawakuandikwa, ndiyo maana mpaka leo idadi ya waliokufa inatajwa kwa makadirio. Namfuata karani wa getini.

"Shikamoo mzee. Hii meli kesho asubuhi itapinduka."

"Marahaba. We kijana, umejuaje?"

Hapo ndipo riwaya yangu inapokwama. Nitasema nimejuaje? Huku kwetu mtu anayejua kifo kabla hakijafika haitwi msafiri wa wakati. Anaitwa jina jingine, na bibi zetu wengi wa Usukumani wamekatwa mapanga kwa kudhaniwa tu kuwa na ujuzi wa namna hiyo. Karani akiwa mpole sana atanifukuza. Nikiwageukia abiria, kuna mama ameshalipa nauli yake na ya mikungu yake ya ndizi, na ndizi hazimsubiri mtu. Atanisikiliza kwa adabu, halafu atapanda. Na hata nikimzuia yeye, meli itapita Kemondo kupakia wengine.

Basi nirudi nyuma zaidi. Meli ilianza kazi mwaka 1979 chini ya Shirika la Reli, ikiwa imetengenezwa na kampuni ya Ubelgiji. Kasoro yake kubwa ilikuwa kutokuwa imara majini, ikawa na tabia ya kulala upande. Hii si siri iliyofichuka baada ya vifo, watu wa bandarini waliijua tabia hiyo. Kwa hiyo nikitua mbele ya meza ya wachoraji, kazi inakuwa rahisi ajabu: mstari mmoja wa penseli unafutwa, unachorwa mwingine. Lakini wakati huo hakuna aliyekufa. Mimi ni mtu wa kidato cha nne mbele ya mainjinia, ushahidi wangu ni makaburi ambayo hayajachimbwa. Usiku wa Mei 20 ushahidi ungekuwepo, abiria wanajaa mbele ya macho, ila meli iko tayari kuondoka. Nikienda karibu nachelewa, nikienda mbali naonekana chizi.

Kuna saa nyingine ambayo ningeipigania kuliko zote. Meli ilipopinduka haikuzama papo hapo. Ilibaki inaelea tumbo juu, na ndani walikuwemo watu hai wanagonga chuma. Walio nje wakasikia. Wakatoboa tundu ili wawatoe. Ile hewa iliyokuwa imenaswa ndani ndiyo iliyokuwa inaibeba meli, ikatokea tunduni, na meli ikazama na waliokuwa wanagonga. Sasa niambie, ungesimama juu ya bati lile ukamwambia mwenye chombo cha kukatia, "Usitoboe," huku unasikia ngo, ngo, ngo chini ya miguu yako? Waliotoboa hawakuwa wabaya, jamani. Walikuwa na huruma na vifaa, walichokosa ni mtu wa kuwaeleza hewa inafanya nini.

Halafu kuna jambo ambalo mwandishi wa hadithi za kubuni angeona aibu kulibuni. Miongoni mwa waliozama alikuwemo Abu Ubaidah al-Banshiri, kamanda mkubwa wa al-Qaeda aliyekuwa akijenga mtandao wao Afrika Mashariki. Miaka miwili baadaye, Agosti 7, 1998, mtandao huo ulilipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, wakafa zaidi ya watu 200. Kwa hiyo nikiiokoa MV Bukoba namwokoa na yeye. Washkaji niliobishana nao wanasema hapo bora uache historia ilivyo. Mimi nakataa. Bila yeye mabomu yalilipuka vile vile, na mtoto wa daraja la tatu hakuchagua jirani wa safari. Ningeokoa wote, halafu yule nikamtafutia polisi.

Mashine yenyewe haipo. Ila mwaka 2018 hatukuihitaji, maana kila kitu cha 1996 kilikuwa kimeshaandikwa. Alhamisi ya Septemba 20, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kiliondoka Bugolora, Ukerewe, kwenda Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Kikapinduka kimebakiza hatua chache kufika, tumbo juu, kama MV Bukoba. Walikufa watu 228, wakaokolewa 41.

Safari hii wazamiaji waliingia wenyewe chini. Siku ya tatu, Jumamosi, wakamkuta fundi wa kivuko amejibanza kwenye chumba cha injini palipobaki hewa kidogo. Walimtoa mzima.